Kopo Lisilo na Lebo

Jumatatu, 6 Mei

Muhula umeanza na mvua. Karani wa shule amenipa madaftari mawili badala ya moja. La kwanza ni la maandalio ya masomo, hili la pili nimeamua liwe langu.

Leo nimeingia kidato cha pili kufundisha kemia. Wanafunzi arobaini na sita, na mimi mwalimu mgeni ambaye wino wa cheti chake haujakauka vizuri. Nilijiandaa: kanuni kumi na mbili za maabara, nimeziandika ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza, na nakala nimeibandika maabara. Ya nne niliipigia mstari: chupa isiyo na lebo haiguswi. Karibu kipindi kizima niliwapa mgongo. Watadhani napenda sana kuandika. Ukweli ni kwamba nimeamka na chunusi tatu mpya kidevuni, juu ya zile za paji la uso, na mashavuni bado nina madoa meusi ya zile za mwaka jana. Nina miaka ishirini na saba. Niliambiwa haya ni mambo ya ujana, yataisha nikikua. Nimekua. Chunusi zenyewe hazijapata taarifa.

Jumanne, 7 Mei

Nimeikamua ile kubwa ya kidevuni. Sikupaswa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepewa jina. Wakati wa mapumziko nilikuwa napita chini ya dirisha la kidato cha pili, nikasikia msichana anauliza, "Kipindi kijacho nani?" Mwenzake akajibu, "Ramani." Nikadhani ni jiografia. Nikaenda kuangalia ratiba ukutani. Ni kemia.

Jioni nimemsimulia dada. Dada yangu ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ni chake na mashine yake, cha nyuma tunalala wote wawili. Huyu mtu hajawahi kutokwa na chunusi hata ya bahati mbaya. Alicheka mpaka akasimamisha mashine, kisha akaniangalia vizuri.

"Samahani, mdogo wangu. Lakini kubali tu, ni jina la mtu mwenye akili."

Sikukubali.

Jumatatu, 13 Mei

Ijumaa nilipaka dawa ya meno, kwa sababu mwalimu wa hisabati alisema inakausha. Jumamosi nikapaka limau, kwa sababu jirani alisema linafuta madoa. Jumapili nikasugua na sukari. Hii sikumbuki nani alisema, labda nilijisemea mwenyewe. Leo shavu la kushoto limebabuka na linawaka kama nimepigwa kofi. Darasani nimewaambia niligusa sufuria ya moto.

"Kwa shavu, mwalimu?" akauliza kiranja.

Kiranja ni msichana wa miaka kumi na sita anayekaa dawati la mbele kabisa, na anauliza maswali mpaka kengele inakata tamaa. Naye ana vichunusi kwenye paji la uso. Akisoma huvifunika kwa kiganja, kama mtu anayefikiria sana.

"Ndiyo, kwa shavu," nikasema, tukaendelea na atomu.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua. Mitihani midogo ya kusahihisha. Sikujitazama kwenye kioo zaidi ya mara sita.

Jumamosi, 18 Mei

Nimepata mtu wa kunisaidia. Nilikwenda kusukwa kwenye saluni iliyo karibu na kituo cha mafuta, ambayo mwenyewe watu wanamwita Mama Mng'aro. Mwanamke mkubwa kwa umri na kwa sauti, uso wake unang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Alinishika kidevu, akanigeuza kushoto na kulia.

"Mwanangu, nani kakuacha utembee hivi?"

Nikajikuta namweleza yote, mpaka jina la Ramani. Hakucheka. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na kopo dogo la plastiki lenye kifuniko cheupe. Ndani kuna krimu ya rangi ya maziwa, nzito, yenye harufu ya maua na, chini ya maua, harufu nyingine niliyoshindwa kuitambua.

"Asubuhi na jioni. Siku tatu tu utakuja kunishukuru."

"Ina nini ndani?"

"Ina uzuri," akasema, na saluni nzima ikacheka, na mimi nikacheka pia.

Jumanne, 21 Mei

Siku tatu! Alisema siku tatu, na kweli. Chunusi za kidevuni zimelala. Wekundu wa shavu umekwisha.

Jumatatu, 27 Mei

Leo nimefundisha nikiwatazama wanafunzi usoni kwa dakika arobaini. Nimegundua darasa langu lina watu: kuna mmoja nyuma anayetafuna kalamu, kuna mapacha ambao hawafanani, kuna saa ya ukutani iliyosimama. Mwalimu wa hisabati kaniambia, "Dawa ya meno, eh? Nilikwambia." Nimemwachia furaha yake.

Mama Mng'aro ni mama kuliko wengi walioitwa mama. Dada, kwa upande wake, kanusa kopo na kukunja pua.

"Umenunua kitu hujui kimetengenezwa na nani?"

"Wewe unajua uzi wako umetengenezwa na nani?"

"Uzi siupaki usoni."

Nadhani ana wivu kidogo. Kila siku yeye ndiye aliyekuwa mzuri.

Alhamisi, 30 Mei

Baada ya kipindi kiranja alibaki akijifanya anapanga vitabu. Wenzake walipotoka wote akasema, akiangalia sakafu, "Mwalimu, naomba nikuulize kitu kisicho cha kemia. Umefanyaje uso wako?"

Nilipaswa kusema nini? Nilijisikia vizuri mno. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo kwa maana hiyo. Nikamwelekeza saluni, nikamwambia aulizie kopo lenye kifuniko cheupe. Akanishukuru kama nimempa majibu ya mtihani.

Jumanne, 4 Juni

Madoa yamefifia. Na mimi kwa ujumla nimefifia: dada anasema uso wangu umepishana rangi na shingo. Nimeanza kupaka na shingoni.

Jumatano, 12 Juni

Kopo limekwisha juzi. Saluni imefungwa, kuna karatasi mlangoni kwamba Mama Mng'aro amesafiri kwenye msiba wa ndugu. Uso unawasha.

Ijumaa, 14 Juni

Zimerudi. Na hazikurudi peke yake, zimekuja na ukoo. Paji la uso, mashavu, mpaka pembeni ya mdomo mahali ambapo sijawahi kuwa nazo maishani. Ngozi imekuwa nyekundu, inauma hata nikiweka maji. Nimeomba ruhusa, nimesema naumwa tumbo.

Jumatatu, 17 Juni

Nimerudi kazini, uso chini ya poda. Kiranja hakuja shule. Darasa bila yeye liko kimya mpaka linachosha.

Jumatano, 19 Juni

Nitaandika yote.

Kiranja amekuja leo akiwa amejitanda mtandio mpaka chini ya macho. Alisema ana mafua. Kipindi cha nne, jua likiwa limetoka kali baada ya wiki nzima ya mawingu, alikuwa anatokwa na jasho huku anajizuia asijikune, na machozi yanamtoka bila yeye kulia. Nikamwambia aje nami maabara, tukaandae vifaa. Nikafunga mlango.

"Ondoa mtandio."

"Mwalimu, ni mafua tu."

"Ondoa, mwanangu. Nami nitakuonyesha uso wangu bila poda." Nikachovya leso kwenye maji, nikafuta uso wangu. Akanitazama, akaanza kulia kweli, kisha akaufunua wake.

Mashavu yote mawili yamebabuka. Ngozi ya juu inatoka kama ganda la kitunguu, na chini ni nyekundu inayong'aa. Kwenye paji la uso, pale alipokuwa na vichunusi vitano vya mtoto, sasa kuna vipele visivyo na idadi.

"Ulipaka mara ngapi?"

"Mara tatu kwa siku. Wakati mwingine nne. Nilitaka iwahi." Akapangusa pua. "Halafu ikaanza kuwasha, nikaongeza, kwa sababu wewe hukuwa unawashwa."

"Mama yako anajua?"

"Aliniambia nisipake, tangu siku ya kwanza. Nikamwambia mwalimu wa kemia anapaka."

Nilikaa kwenye kigoda cha maabara. Ukutani, kwa mwandiko wangu mwenyewe, zimebandikwa zile kanuni kumi na mbili. Sikuhitaji kugeuka kusoma ya nne.

Baada ya masomo nilimsindikiza kwao. Mama yake ni mfuaji katika nyumba ya wageni. Tulimkuta anaanua mashuka uani, mikono imejaa hadi begani. Nilimwamkia. Akaitikia huku anamtazama binti yake, ambaye alikuwa amevua mtandio kwa sababu nilimwomba avue. Sijui shuka lilianguka lini.

Nikasema yote. Kwamba mimi ndiye niliyemwelekeza. Kwamba sikujua kilichomo. Kwamba sikuuliza mara ya pili. Hakunikatiza hata mara moja, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Nilipomaliza akamshika binti kidevu, akamnusa shavu kama mtu anayenusa maziwa.

"Mimi nafua kwa dawa kila siku," akasema. "Naijua harufu ya kitu kinachokula. Nilimwambia. Akaniambia mwalimu kasema." Ndipo akanigeukia. "Nikimkataza, mwalimu anapaka. Nikimshauri, mwalimu anajua zaidi. Sasa wewe uliyepewa neno lote hilo, ulilifanyia nini? Mimi nimebaki na neno gani katika nyumba yangu?"

Nilisema tu, "Kesho asubuhi nawapeleka kituo cha afya, mama. Kama utakubali."

"Tutakwenda wenyewe. Wewe ukija, njoo kwa miguu yako. Na muhula ujao huyu anahamia shule nyingine."

Alhamisi, 20 Juni

Nilikwenda kwa miguu yangu. Niliwakuta kwenye benchi, mama amekaa katikati makusudi. Dada alinisindikiza mpaka getini. Alikuwa na nguo ya harusi ya kumalizia lakini akafunga mashine. Njiani kote hakusema "nilikwambia". Ananidai radhi kwa lile la wivu.

Tabibu ni mwanamke mwembamba, miwani imefungwa uzi, anazungumza polepole kama ana siku nzima, ingawa foleni ilifika barabarani. Alituita wote watatu. Alimwangalia kiranja kwanza, chini ya taa, kwa muda mrefu, bila kushtuka. Hilo pekee lilimtuliza msichana. Kisha akanitazama mimi. Nikaweka kopo langu tupu mezani.

Akalifungua, akalizungusha. "Lebo iko wapi?"

"Halina."

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Mwalimu."

"Wa somo gani?"

Mama wa kiranja aligeuza kichwa ili asikose jibu.

"Kemia," nikasema.

Tabibu alisubiri mpaka jibu langu linifikie mwenyewe, kisha akaendelea.

"Huu ni mkorogo. Siwezi kuapa kilichomo mpaka upimwe, lakini uso wenu unaniambia. Mara nyingi kuna dawa kali ya steroidi. Inazima uvimbe kwa siku mbili tatu, mtu anafurahi. Kisha ngozi inazoea, inakuwa nyembamba, na siku ukiacha inalipuka. Wengine wanatia na dawa za kuchubua rangi, hata zebaki. Wewe mtoto ulipaka mara nne, ukaenda juani. Ngozi yako imeungua, haijaharibika. Sikia vizuri: haijaharibika. Itarudi."

Nilimsikia mama akishusha pumzi. Mimi pia niliishusha, tukajikuta tumepumua pamoja, naye akakunja uso kana kwamba nimemwibia.

Kisha kiranja, akiwa katika hali hiyo hiyo, akauliza swali. "Daktari, kwani chunusi zinatoka wapi? Mimi naoga."

"Wala hujakosea kuoga." Tabibu akachora duara kwenye karatasi ya dawa. "Ngozi ina vitundu, kila kimoja kinatoa mafuta kidogo. Ukianza kukua, homoni zinaongeza mafuta. Kitundu kikizibwa na mafuta na ngozi iliyokufa, vijidudu vinanenepa humo ndani, panavimba. Ndiyo chunusi. Watu wazima pia wanapata, wanawake hasa. Ukisugua sana unaichokoza. Ukikamua unaisukuma ndani. Na mafuta mazito ya nywele yakishuka kwenye paji la uso, yanaziba zaidi."

"Na madoa?" nikauliza mimi.

"Doa ni rangi ambayo ngozi inaacha mahali palipoumia. Ngozi nyeusi kama zetu inaacha rangi nyingi. Linaondoka lenyewe, ila taratibu, na kila ukikamua au ukipigwa na jua unalirudisha mwanzo."

Maagizo yake nayaandika hapa nisisahau. Kiranja: aache kila kitu, aoshe uso kwa maji na sabuni laini isiyo na manukato, apake mafuta mepesi yasiyo na harufu aliyopewa, akae mbali na jua, arudi baada ya siku kumi. Mimi: hivyo hivyo kwa wiki mbili mpaka ngozi itulie, na losheni ya kukinga jua kila asubuhi hata kukiwa na mawingu. Baadaye atanipa jeli ya benzoili peroksaidi ya usiku, nguvu ndogo, kiasi cha punje ya dengu kwa uso mzima. Ngozi ikiizoea, ataniongezea krimu ya madoa.

"Nitapona lini?"

"Chunusi, wiki nane mpaka kumi na mbili. Madoa, hesabu miezi. Na mtu akikuahidi siku tatu, kimbia."

Nje, mama wa kiranja alinipita bila kuniaga. Lakini kiranja aligeuka akanipungia.

Jumamosi, 22 Juni

Mama Mng'aro amerudi. Nilikwenda na hotuba nzima kichwani. Hakukuwa na wateja.

"Wanatumia wangapi?" akasema kabla sijafika nusu. "Wewe ndiye wa kwanza kulalamika. Labda ngozi yako ina matatizo."

"Mwanafunzi wangu ameungua. Wewe kile kitu unakitengeneza mwenyewe?"

"Naletewa kwenye ndoo. Nagawa tu kwenye makopo."

"Kwa hiyo hujui kilichomo."

Akachukua pamba, akailowesha, akajifuta shavu moja, taratibu, kutoka sikioni mpaka mdomoni. Ule mng'aro ukatoka na pamba. Chini yake ngozi ni nyembamba kama karatasi, imejaa mishipa myekundu, na vinyweleo vimeota.

"Miaka minne," akasema. Sauti yake kubwa haikuwepo. "Nikiacha siku mbili nawaka kama wewe. Msibani nilipaka chooni, nimejifungia. Sasa wewe unataka nikueleze nini?"

Hotuba yote ilinitoka. Nilimwambia jina la kituo na siku ambazo tabibu yupo, nikaondoka. Nilikuja nikimchukia. Sasa sijui namweka wapi.

Jumatatu, 24 Juni

Nimemweleza Mkuu wa shule, kabla hajaelezwa na mwingine. Mkuu ni mwanamume asiyecheka, tunajua yupo kwa sauti ya funguo zake. Nilikwenda nikiwa nimeshafungasha vitabu vyangu akilini. Alisikiliza huku anachonga penseli.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Anapata nafuu."

"Na wewe?"

Sikutegemea swali hilo. Nikasema na mimi nitapata nafuu.

"Umekosea sana," akasema. "Andika taarifa, ukweli wote, iwe mezani kwangu kesho. Halafu wiki ijayo uwafundishe madarasa yote jambo hili. Binti zangu wawili wanapaka vitu nisivyovijua. Mimi nikisema, hawanisikii." Akapuliza vumbi la penseli. "Wewe labda watakusikia, kwa uso huo."

Nilitoka nje nikacheka peke yangu kwenye korido. Kwa uso huo!

Jumatatu, 1 Julai

Nimefundisha bila poda. Niliwaambia kidato cha pili: huu ndio uso, na haya ndiyo niliyoyapaka, kwa mpangilio. Dawa ya meno, wakacheka. Limau, wakacheka. Sukari, mapacha wasiofanana wakatazamana. Nadhani nao wameijaribu. Mkorogo, wakanyamaza. Sikumtaja kiranja. Alikuwepo dawati la mbele, bila mtandio, mashavu yameanza kupata ngozi mpya ya rangi ya chai, na yeye mwenyewe akanyoosha mkono.

"Mimi pia nilipaka. Mnaweza kuja kuniona kwa karibu, ila msiniguse."

Walipanga foleni! Baadaye maswali hayakuisha. Msichana mmoja: "Mwalimu, ni kweli chunusi zinatoka ukimpenda mtu?" Nikamwambia ingekuwa kweli, hili darasa lote lingekuwa limevimba. Kengele ilipigwa, hakuna aliyesimama.

Alhamisi, 4 Julai

Tabibu amenipa jeli, nimeianza. Inakausha kidogo pembeni ya pua. Punje ya dengu, si maharage. Dada amekaa mlangoni kuhakikisha.

Jumanne, 9 Julai

Ile jeli imepausha foronya ya dada. Ilikuwa ya bluu, sasa ina mawingu meupe mahali ninapolaza shavu. Niliomba radhi. Akasema, "Angalau hii tunajua inapausha kwa sababu gani," akanishonea nyeupe kutoka kwenye vipande vya nguo ya harusi. Nalala kama bibi harusi.

Jumamosi, 13 Julai

Siku ya kurudi kwa tabibu. Nani nimemkuta kwenye benchi? Mama Mng'aro, amejifunika miwani ya jua, uso umevimba. Nikakaa pembeni yake.

"Ile ndoo nimeirudisha," akasema. "Yule mtu kanitukana mpaka majirani wakatoka."

"Umeacha lini?"

"Siku ya tisa leo. Usinitazame."

"Sikutazami."

"Nitazame kidogo tu. Natisha?"

Nikamtazama. "Unatisha," nikasema, akaangua kicheko kile kikubwa, mpaka muuguzi akatoa kichwa mlangoni. Tabibu atamtuliza ngozi polepole kwa dawa, amesema yake itachukua muda mrefu kuliko zetu. Amekubali.

Alhamisi, 18 Julai

Hakuna jipya. Kweli, hakuna chunusi mpya tangu Jumatatu.

Alhamisi, 25 Julai

Mitihani ya muhula. Jua kali, vumbi, losheni. Leo nimeanza krimu ya madoa. Inachoma kidogo kama tabibu alivyosema, kisha inatulia. Chunusi moja imetoka kidevuni. Sikuikamua. Nimekaa juu ya mikono yangu kama mtoto.

Jumanne, 30 Julai

Ile ya kidevuni imekufa kifo chake yenyewe.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimesahihisha karatasi ya kiranja mara mbili kwa hofu ya kumpendelea. Themanini na nane, zote ni zake. Nilikaa nayo mezani nikiwaza ni mwalimu gani atakayempata huko anakohamia, na kama atavumilia maswali. Dada aliniuliza kwa nini naguna. Nikasema, nampoteza mwanafunzi bora kwa kosa langu, na ni haki. Akasema haki haikatazi mtu kuguna.

Ijumaa, 9 Agosti

Shule imefungwa leo. Wazazi walikuja kuchukua ripoti. Tuliwekewa meza nje, kila mwalimu na yake, na mistari ya wazazi ikajipanga. Nilikuwa nimeshapaka losheni yangu, sina poda. Chunusi zimebaki mbili ndogo kwenye paji la uso. Madoa yapo, lakini yamekuwa kama maneno ya penseli yaliyofutwa: anayejua yalipo ndiye anayeyaona.

Mama wa kiranja alikuja karibu na mwisho, binti yake nyuma yake. Uso wa msichana umerudi, una kivuli chepesi tu mashavuni, na kati ya vichunusi vyake vitano vya zamani vimebaki viwili. Nilisimama, nikamwamkia mama, nikampa ripoti kwa mikono miwili. Akaisoma yote, mstari kwa mstari, kidole kinatembea. Akafika kemia, kidole kikasimama.

"Themanini na nane."

"Ndiyo, mama. Ni zake."

"Hizo nyingine kumi na mbili zimekwenda wapi?"

Sikujua kama anatania. Nikaanza kueleza habari za kusawazisha milinganyo, kwamba huwa anakimbilia jibu. Alisikiliza huku ananiangalia, lakini hakuwa anaangalia macho yangu. Ghafla akanyoosha mkono wake, ule mkono mkavu wa sabuni, akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga kama anavyofanya mtu kwa mwanawe. Nikakatika katikati ya sentensi.

"Hapa bado," akasema, akigusa shavu la kushoto.

"Najua, mama."

"Panaondoka." Akanigeuza upande wa pili. "Huku pamekwisha. Unalala mapema?"

"Najitahidi."

"Jitahidi zaidi." Akaachia kidevu changu, akakunja ripoti mara mbili na kuitia kwenye mkoba. "Basi muhula ujao hizo kumi na mbili nizione. Na ukimwambia jambo lolote, mwalimu, uniambie na mimi, tuseme wote neno moja."

"Kwa hiyo hahami?" Ilinitoka kabla sijajizuia.

"Ahame aende wapi? Huko atamuuliza nani hayo maswali yake?"

Kiranja, nyuma ya mama yake, alikuwa anaruka-ruka kimyakimya. Nilikaa chini, nikamwita mzazi anayefuata.